Sanduku Langu la Gatitu na Jaketi Nyekundu ya Akinyi

Kila Agosti shule zinapofungwa mimi hufunga safari kwenda kusikia baridi. Wenzangu wa Mombasa huniuliza mwalimu mzima anaacha joto la kwao kwa nini, akakae mahali ambapo maji ya bomba yanauma meno. Jibu langu ni mtu mmoja. Anaitwa Wanjiru, mimi humwita Mama Wambui, na nyumba yake iko Gatitu, pembeni mwa mji wa Nyeri. Binti yake Wambui na binti yangu Zuhura walilala bweni moja katika shule ya sekondari huko Nyeri, na kila nilipokwenda kumtembelea mwanangu nilifikia kwa Wanjiru. Watoto walimaliza masomo, wakatawanyika na kazi zao. Sisi mama zao tukabaki na urafiki. Nina dada na nina majirani, lakini mtu ninayeweza kukaa naye jikoni tumenyamaza wote wawili, na nisione haja ya kutafuta la kusema, ni huyo tu.

Mwaka huu nilikwenda nikidhani nafasi yangu kwake ni yangu peke yangu. Nitawasimulia yaliyonikuta kwa mpangilio wa safari yenyewe, maana ndani yake mna jambo la kumfaa yeyote anayepanda ndege na anayechukia kulipia mzigo.

Mombasa, asubuhi ya kuondoka, nilikuwa na kibegi kimoja tu begani. Nieleze sababu. Magoti yangu hayastahimili tena basi la masafa marefu, kwa hiyo hupanda ndege hadi Nairobi. Tikiti za bei nafuu zina sharti lake: kibegi kidogo cha mkononi unaingia nacho bure, na kila kinachozidi hapo unakilipia, kwenda na kurudi. Sasa fikirieni nguo za Nyeri mwezi wa Agosti. Koti zito, masweta, soksi za sufu, gambuti za kuvaa kwenye matope, blanketi, na chupa ya mpira ya maji moto ya kulala nayo. Hivyo vinajaza begi kubwa, na vikirudi Mombasa havina kazi mpaka mwaka mwingine. Kuvibeba huku na huko ni kulikatia koti tikiti.

Dawa yake niliipata Zuhura alipomaliza shule. Alikuwa na sanduku la bati la bweni, jeusi, jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko. Badala ya kulirudisha Mombasa, nilililaza kwa Mama Wambui, nikatia ndani vitu vyangu vyote vya baridi, nikalifunga kwa kufuli, nikaondoka na ufunguo. Tangu hapo nasafiri na madera mawili, dawa zangu, chaja ya simu, na halua ya kuwapelekea wenyeji. Pale uwanjani nawaona watu wamechuchumaa mbele ya mizani wakihamisha viatu kutoka begi hili kwenda lile, nyuso zimewaiva, nami napita. Huwa napita polepole kidogo.

Nairobi sikukaa. Nilipanda gari la kwenda Nyeri, nikapata kiti cha dirishani, tukaipita Thika na mananasi yake, kisha Sagana, na kutoka hapo barabara ikaanza kupanda na vioo vikaanza kuingia baridi. Karatina tulisimama. Wanawake wa sokoni walikuwa wamejifunga shuka juu ya masweta, wakipanga karoti zilizooshwa zikang'aa. Mlima haukuonekana, ulikuwa umejifunika mawingu. Mimi nilikuwa na dera na mtandio tu, meno yanagongana, na sikujali hata kidogo. Nilipenda kufika vile, natetemeka, nikijua kuna koti langu linanisubiri katika nyumba ya mtu anayenipenda.

Gatitu, alasiri, kitu cha kwanza nilichokiona ni jaketi. Mama Wambui alikuja langoni akiwa ameivaa: nyekundu, nene, yenye manyoya shingoni, na sikuwahi kuiona.

"Karibu, Mama Zuhura," akasema akinikumbatia. "Umekonda, ama ni hiyo nguo?"

"Ni nguo."

"Ati umetoka huko kote na hiyo kitambaa peke yake. Ingia, chai iko tayari."

"Una jaketi nzuri."

"Hii? Ni ya Akinyi. Aliacha hapa."

Akinyi nilikuwa nikimsikia kwa simu, juu juu. Ni jirani wa Wambui huko Kisumu, Wambui anakofanya kazi. Wambui alipojifungua, Akinyi ndiye aliyempikia uji na kumwogeshea mtoto mpaka Mama Wambui, bibi yake mtoto, akafika, na yeye na Akinyi wakashikana urafiki. Nililolikosa kwenye simu ni kwamba Akinyi alikuwa amekwisha kuja Gatitu, zaidi ya mara moja, na kwa kuwa Kisumu nako ni joto na ndege za huko nazo zinalipisha mzigo, alikuwa ameacha nguo zake za baridi kama mimi. Wazo langu lilikuwa limepata mwenyewe mwingine.

Niliingia chumba cha wageni. Mahali pa sanduku langu, chini ya dirisha, palikuwa na sutikesi ya buluu yenye magurudumu. Ilikuwa wazi. Ndani nguo zimekunjwa vizuri, zinanukia jua, na juu kabisa kulikuwa na sweta ya kufumwa kwa mkono, rangi ya bahari asubuhi kabla upepo haujaanza. Sikuigusa. Niliitazama tu, nikatamani isingekuwa nzuri vile.

"Sanduku lako liko stoo," Mama Wambui akasema nyuma yangu. "Hapa hapakulifaa."

Stoo yake iko nyuma ya jikoni. Sanduku langu lilikuwa kati ya magunia ya viazi na chakula cha ng'ombe, limepanguswa vumbi, kufuli lake linaning'inia. Nilifungua. Harufu iliyotoka ilinifanya nirudi hatua nyuma. Koti lilikuwa limeota koga mabegani, ya kijani na nyeupe. Blanketi lilikuwa na unyevunyevu kama limelaliwa na mtoto. Gambuti zilikuwa zimeshikana, na nilipozivuta moja ikapasuka. Mvua za huko zilikuwa nyingi mwaka huu, na bati likipoa linatoa jasho ndani.

Mama Wambui alisimama mlangoni. "Pole sana," akasema. Halafu akafungua zipu, akavua jaketi ya Akinyi, akanivisha. Ilikuwa na joto lake bado. Nilisema asante nikitazama magunia ya viazi.

Giakanja tulikwenda kesho yake, siku ya soko, kumwona dada yake Mama Wambui na kununua vitunguu. Koti langu nilikuwa nimelianika juu ya ua, gambuti zilikuwa zimetupwa, kwa hiyo nilitoka nimevaa vitu vya Akinyi kuanzia shingoni hadi miguuni. Sijawahi kutembea sokoni na kujulikana hivyo nikiwa si mimi.

"Akinyi, umerudi?" mwanamke wa vitunguu akaita kutoka mbali. Nilipokaribia akanitazama usoni. "Aii, si yeye. Lakini hiyo jaketi ni yake."

"Ni yake," Mama Wambui akasema. "Huyu ni Mama Zuhura wa Mombasa. Anakuja hapa tangu watoto wakiwa shule."

"Na Akinyi atakuja lini? Huyo mama anaweza kuchekesha hata maiti. Alinifunza kupika samaki, nikachoma sufuria, akanicheka mpaka akakaa chini kwa vitunguu yangu." Akanigeukia. "Sasa wewe ni nani yake?"

"Si mtu wake," nikasema.

Mama Wambui alinitazama kidogo, akalipia vitunguu. Watu walituamkia njia nzima, na karibu kila mmoja alikuwa na habari ya Akinyi: alivyoanguka shambani akachekea matope, alivyomwita mwenyeji wake Ciru mbele ya kila mtu. Hilo la Ciru liliniuma kuliko yote. Ciru ni Wanjiru kwa mdomo wa mtu wa nyumbani. Mimi miaka yote hiyo nimemwita Mama Wambui, kwa heshima, kama nilivyolelewa, na hakuna siku aliniambia nimwite vingine. Nilijiuliza kama Akinyi aliwahi kuambiwa, au alijichukulia tu mwenyewe kama alivyojichukulia dirisha.

Mwea tulikwenda siku iliyofuata, katika pikapu ya mumewe, Baba Wambui, kununua mchele kwenye mashine ya kukobolea. Hii ni safari ninayoipenda. Unashuka kutoka baridi, hewa inalegea, na mara unaona maji yametandazwa mashambani na baiskeli zimebeba magunia makubwa kuliko mwendeshaji. Kila mwaka hununua mchele wa Mwea tukarudi nikawapikia pilau. Mama Wambui ana sufuria anayoiweka kando kwa ajili yangu, haipikiwi kitu kingine, na nyama huinunua kwa mchinjaji Mwislamu mjini Nyeri bila mimi kumwambia.

Kwenye mashine, mchele ukimwagika mweupe na vumbi lake likinukia, alinunua mfuko mmoja, kisha wa pili.

"Wote huo tutaumaliza?" nikauliza.

"Huu mwingine ni wa Akinyi. Anakuja mwezi ujao. Nataka apate."

Nilikwenda kusimama kando ya gari. Baba Wambui, ambaye husema machache na huyasema akitazama kwingine, alikuwa anakagua matairi.

"Mama Zuhura," akasema, "leo umenyamaza kama ng'ombe imejua imeuzwa."

"Nimechoka, Baba Wambui."

"Mm. Hiyo jaketi inachokesha watu."

Huko Mwea kulikuwa na joto la kutosha, nikaivua. Nikaamua palepale kwamba safari ya kurudi ningechukua vitu vyangu vyote. Nilipie mzigo, hata iwe nini. Mtu akijua hana mahali, asiache sanduku.

Gatitu, jioni hiyo, tulikaa jikoni tukimenya viazi. Nilikuwa nimelipangusa koti kwa siki na maji moto, limekauka, doa halikutoka. Nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama Wambui, nafikiri mara hii nitaondoka na vitu vyangu. Koti na blanketi. Nikupunguzie stoo."

Kisu chake kilisimama. "Unaondoka na koti ya baridi, unaipeleka Mombasa."

"Ndiyo."

"Utaivaa wapi? Kwa friji?"

Nilitaka kucheka nikajizuia. "Mahali pangu pana mtu," nikasema. "Si vibaya. Ila nisijifanye sioni. Vya mwenzangu vimeanikwa, vimekunjwa, viko dirishani. Vyangu vimeozea kwenye viazi."

Aliweka kisu chini. Nilidhani atakasirika, lakini alionekana kama mtu aliyesubiri basi muda mrefu na sasa analiona linakuja.

"Mama Zuhura, nani alifunga hiyo sanduku?"

"Mimi."

"Na kifunguo iko wapi mwaka mzima?"

"Mombasa."

"Sasa mimi ningeanika nguo yako namna gani? Nivunje kufuli ya mgeni? Mvua ikianza mimi nilikuwa naenda kwa hiyo sanduku, naipapasa hivi, naskia baridi ya bati, najua ndani kunaharibika. Nikaitoa chini ya dirisha kwa sababu hapo maji ilikuwa inaingia. Stoo ndio kukavu. Ya Akinyi iko na magurudumu, mvua ikikuja naisukuma tu. Akinyi aliacha yake wazi. Nikianika zangu naanika zake. Nikienda shamba navaa buti zake. Nguo haivaliwi, inakufa."

Nilimweleza nilivyofikiri, na nawaeleza nanyi, kwa sababu nilikuwa na nia njema. Sanduku la bweni hufungwa. Hivyo ndivyo nilivyomzoesha Zuhura tangu siku ya kwanza ya kidato cha kwanza. Tena kwetu mtu akiacha vitu vyake kwa watu hufunga ili mwenye nyumba asibebe lawama kitu kikipotea. Niliona ni adabu.

"Lawama ya nini?" akasema. "Hapa tuko mimi na Baba Wambui. Ama uliogopa atavaa dera?"

Kutoka sebuleni Baba Wambui akasema, "Rangi gani?"

Sasa tulicheka, yeye zaidi. Kisha akaokota kiazi, akakigeuzageuza bila kukimenya.

"Kuna kitu hujui. Kwetu mtu akiacha kiondo chake cha kubebea vitu kwako, hakitoki kama ni kitupu. Hata ni nduma mbili za kuchemsha, unaweka. Ile mwaka ya kwanza nilikufungia viazi na majani chai, ukasema ndege itakataa."

"Ingekataa kweli."

"Najua ingekataa. Sikuumia. Nikasema basi nitaweka kwa sanduku, akirudi apate. Nikaenda, nikakuta kufuli. Mwaka ingine, kufuli. Nikajiambia huyu rafiki yangu hataki vitu vyetu, anataka tu mahali ya kuweka zake."

 Miaka yote nilikuwa nimejisifu kwa kusafiri na mzigo mwepesi.

"Ile sweta," akasema. "Uliona ile sweta?"

"Ile ya rangi ya bahari."

"Nilifuma nikiangalia ile picha ulinitumia kwa simu, ya bahari asubuhi. Ilikuwa yako, nilitaka uikute kwa sanduku. Ikakaa kwa kabati mpaka nikaona nondo wataila. Akinyi alipokuja, nikaiweka kwa yake. Alifurahi sana."

Nimewahi kuona wivu kwa wengine, na hufundisha watoto darasani kuutaja jina lake ili upungue. Wangu niliutaja, haukupungua. Sweta iliyofumwa kwa picha yangu ilikuwa imekunjwa dirishani katika sutikesi ya mwanamke ambaye sijawahi kumwona, na kilichoipeleka huko ni mkono wangu mwenyewe uliofunga kufuli.

"Ningeichukua sasa hivi," akasema, "lakini nimeshampatia mtu."

"Hapana, usimnyang'anye," nikasema. Ilinigharimu kulisema.

Siku ya kurudi nililiweka sanduku juani asubuhi, nikalipangusa ndani, nikakunja koti lenye doa na blanketi lililokauka. Niliacha na ile chupa ya mpira ya maji moto, na dera moja, kwa utani wa Baba Wambui. Kufuli nililitoa, nikampa Mama Wambui alifungie banda la kuku. Kisha nikafanya jambo lililokuwa gumu zaidi kwangu. Langoni nikamwambia, "Kwaheri, Ciru." Lilitoka kwa woga, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake.

Alikunja uso. "Wewe usiniite hivyo. Hiyo ni ya Akinyi. Wewe ndio peke yako unaniita Mama Wambui hata Wambui akiwa hayuko, na naipenda." Akanipa chupa ya chai ya njiani, nikaichukua, na kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege niliinywa yote nimesimama ili nisiiache.

Mombasa nilirudi na kibegi kilekile, na nayatoa haya kwa wenzangu wanaotaka kuepuka gharama ya mzigo. Njia hii inafaa, ijaribuni. Acheni vitu vya msimu kule vinakohitajika, katika begi la kitambaa badala ya sanduku la bati, mahali pakavu. Lakini msilifunge. Mwachieni mwenyeji avianike, avivae, aviazime akipenda, maana mkiondoka na ufunguo mnamwachia kazi ya mlinzi, na hakuna mtu anayemkumbuka mgeni kwa kulinda bati lake. Mkishindwa kumwamini mtu na sweta, heri mlipie mzigo.

Mwezi uliofuata, jioni moja nasahihisha madaftari, simu ililia kwa namba ya Mama Wambui. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa nene, imejaa kicheko kabla ya neno la kwanza.

"Mama Zuhura? Ni Akinyi. Niko Gatitu. Nataka kukuuliza, wewe ulimfanyia nini Ciru?"

"Kwani kuna nini?"

"Nimetaka kupika samaki wangu, nikashika sufuria moja nzuri hapa, ya chini nene. Nikapigwa mkono. Naambiwa hiyo ni ya Mama Zuhura, isiguswe. Mimi nimekuja hapa nikamletea samaki kutoka ziwani, na sina sufuria. Sina hata kijiko. Hata huyu mama wa vitunguu ananiambia kuna mtu alivaa jaketi yangu ikamkaa vizuri kuliko mimi. Nimekasirika, nakwambia ukweli."

Nilisikia Mama Wambui akicheka nyuma yake. Nikajikuta nimesimama, kalamu nyekundu mkononi, na kifua changu kimejaa furaha ambayo si ya kiungwana hata kidogo.

"Pole, Akinyi," nikasema. "Sufuria ni ndogo tu."

"Si ndogo. Usinidanganye. Sasa sikiliza. Sanduku lako nimelikuta wazi, na Ciru amenieleza hiyo desturi yao. Nimekutilia kitu ndani. Ukija utakikuta."

"Kitu gani?"

"Sisemi."

Nikamwuliza ni cha rangi gani. Akacheka, akakata simu.